Kitabu Kilichofungwa Jua Likitua

Mheshimiwa Afisa wa Elimu wa Wilaya, Mchungaji Manasseh, Mwalimu Mkuu, wazazi wa Magwagwa mlioacha majani chai yakiwasubiri, nanyi wanafunzi mlioketi nyasini: nawasalimu kila mmoja kwa heshima yake. Nawe Mwalimu Nehemiah Machogu, unayestaafu leo, keti wima. Miaka yote umetusema sisi. Leo ni zamu yako kusemwa.

Mimi ni Mokeira, msichana pekee katika darasa la hisabati la Mwalimu huyu, kidato cha tano, mwaka wa 1970. Nilitaka kusomea hisabati halisi chuo kikuu, na watu walicheka. Siwalaumu. Nani alikuwa amemwona binti wa wachuma chai akitaka kuthibitisha mambo yasiyopikika wala kuuzika?

Mwaka huo shule ilikuwa ituchagulie kitabu cha kalkulasi. Muuza vitabu alifika Ijumaa alasiri na vitabu viwili. Kimoja chembamba, kimejaa maswali yaliyokwisha kufanywa. Ukikariri, unapita mtihani. Kingine kinene, mifano haba, uthibitisho kila ukurasa. Momanyi, jirani yangu wa dawati, ambaye baba yake alikuwa amemwapia kwamba hakuna kurudia darasa, alininong'oneza, "Hicho kinene kitatumaliza, haki ya Mungu!"

Mwalimu alivifungua vyote mahali pamoja: pale panaposemwa kwamba mstari usiokatika, ukianza chini ya sufuri na kuishia juu yake, lazima uvuke sufuri. Chembamba kiliandika, "Hili ni dhahiri," kikaendelea na safari zake. Kinene kilianza kuthibitisha. Mwalimu akasoma mistari michache, akatazama dirishani, akaona jua linazama. Pap! Akakifunga. Sabato yetu, inayoanza Ijumaa jua likitua, imeingia.

"Mwalimu, dakika moja tu, chagua!" muuza vitabu akasihi.

"Ndugu yangu, dakika hiyo si yangu. Tuonane Jumapili."

Mchungaji, uniwie radhi kwa hili. Kesho yake kanisani Mwalimu aliketi kiti cha mbele, macho kwa mhubiri, lakini kidole kilikuwa kikichora mstari ule gotini mpaka Mama Nyanchama, mkewe, akamfinya. Jumapili asubuhi akatuambia, "Nimetafuta kutwa nzima kwa nini ni dhahiri, sikuona. Kitabu kinachoniambia 'dhahiri' mahali nisipoona, kinanidharau. Nanyi sitaki mdharauliwe." Tukapewa kinene. Tulipomuuliza kama kuwaza hesabu siku ya Sabato si kazi, alijibu kwamba kazi ni kalamu, naye hakushika kalamu. Hilo namwachia Mchungaji.

Je, tulifurahi? Thubutu! Ukurasa mmoja ulitutesa juma zima. Wala sitawadanganya kwa kuwa leo ni siku ya sifa: Momanyi alianguka mtihani, akarudi kwao Tabaka kuchonga mawe, na tangu hapo hakumwamkia Mwalimu hata walipopishana sokoni. Mimi nilipita, na leo nafundisha hisabati halisi chuo kikuu. Lakini kitabu kilichonipandisha ndicho kilichomwangusha mwenzangu, na jambo hilo limeniuma. Limemuuma Mwalimu zaidi. Kila nikimtembelea, kabla hata chai haijamiminwa, huniuliza, "Momanyi hajambo?"

Mwezi uliopita nilikwenda Tabaka kutafuta zawadi, nikitarajia matusi. Momanyi alinisikiliza, akacheka. "Dada, watu huniletea jiwe wakiniambia ni zima, ni dhahiri. Mimi nalilowesha maji kwanza, nitafute ufa. Unadhani tabia hiyo niliitoa wapi?" Akakataa kuniuzia kitu chochote. Zawadi hii kaichonga mwenyewe.

Momanyi, usijifiche huko nyuma, mletee mwenyewe. Mwalimu, ni kitabu cha jiwe, tena kinene. Amekichonga kikiwa wazi, pale pale ulipoachia Ijumaa ile. Hiki hata jua litue, hakifungiki.

Nawashukuru nyote kwa kunisikiliza. Sasa tuwapishe hao wawili, wasalimiane.