Mkeka wa Mgeni Mmoja

Kivuko kilipoondoka Pangani, jirani yangu Bi Tausi alikuwa akishona mkeka, nao ulishafika magotini kwa kijana aliyekaa kando yake. Kijana akamwamkia, akauliza anaupeleka wapi. "Hotelini, Ushongo. Wametaka wa kulalia mtu mmoja ufukweni. Wakiupenda, wanawake wa mtaani kwetu tutapata kazi mwaka mzima."

Kijana, Nasri, mtembeza wageni, akaupima kwa macho. "Mbona huu wa harusi? Watalii ndio wanaotuletea fedha, shangazi. Wape walichoagiza!"

"Nimpe mgeni mkeka wa kumtosha yeye tu? Akija mtu kumjulia hali, akae mchangani?"

"Hakuna wa kumjulia hali. Amelipa ili aachwe peke yake."

"Maskini ya Mungu!" akasema Bi Tausi, akaunga ukili mwingine, mkeka ukazidi upana. Aliyemshikia ukili huo ni Nasri huyo huyo.

Kivuko kikagusa Bweni. Bi Tausi akachomeka sindano, ukili ukining'inia haujashonwa hadi mwisho.

"Sasa unaumaliza au unaupunguza?" aliuliza Nasri, akimsaidia kuukunja.

"Kesho, mwanangu. Leo niende kwanza nikawaone hao wageni wanavyokaa."