Mbwa Chini ya Benchi

Benchi letu liko kati ya banda la kinyozi na ukuta wa duka la vifaa vya umeme, na anayelihudumia ni mimi. Wananiita Mama Birika. Nauza kahawa, wao wananunua kikombe kimoja, wanakikalia mpaka kinapoa, halafu wananilaumu kwamba kahawa haina moto. Jioni ile walikuwa wanne. Redio, fundi wa simu, ambaye mpaka leo hakuna aliyeiona swichi yake ya kuzimia. Vipimo, fundi cherehani, hawezi kusema jambo bila kunyoosha mikono alipime. Kinyozi mwenyewe, maana wateja hawakuwepo. Na pembeni kabisa Fundi Bomba, kimya, na chini ya miguu yake mbwa wa kahawia mwenye miguu minne myeupe, Soksi. Mwanzoni mwa mwaka Fundi Bomba alimzika binti yake wa pekee, na Soksi alikuwa mbwa wa binti huyo. Tangu mazishi hakuna aliyemtaja mtoto yule kijiweni. Hatukukubaliana, ilitokea tu, na sisi tuliona ndiyo huruma.

Asubuhi ya siku hiyo mke wake alinipitia. Aliniambia, "Dada, watoto wakitoka shule yule mbwa anakwenda getini kungoja. Wakishapita wote bado anangoja. Siwezi tena. Nimemwambia mume wangu amtafutie watu leo hii." Kwa hiyo nilijua kwa nini Fundi Bomba alikuja na kamba mkononi, na nilikuwa namsubiri aseme. Kinyozi akamtangulia.

Kinyozi: Jamani, nisaidieni. Wanangu wamenikaba koo, wanataka mbwa. Mama yao kakubali, ila kasema siku mbwa akimng'ata mtoto, hata kwa utani, mimi na mbwa tunalala nje. Sasa mbwa wa kukaa na watoto anachaguliwaje?

Fundi Bomba aliinua kichwa, akafungua mdomo. Redio alikuwa ameshaanza.

Redio: Mbwa unamwangalia masikio, basi. Yakisimama, hapana. Mtoto akilia mara moja, yeye anasikia mara tano. Si lazima achanganyikiwe?

Vipimo: Hiyo ni antena unayoongelea. Mbwa ni kimo. Unamsimamisha kando ya mtoto, mgongo usipite hapa.

Alipima kwenye goti langu, nikamchapa na kitambaa cha kufutia vikombe.

Kinyozi: Wangu wa mwisho mwenyewe ndiyo kwanza anapita goti.

Vipimo: Basi utafute mbwa wa saizi ndogo. Nguo ikizidi nakata, mbwa siwezi.

Redio: Nenda kwa muuza nyama. Mbwa wake ameshiba tangu azaliwe, atamng'ata mtu kwa shida gani?

Kinyozi: Na mimi nyama ya kila siku naitoa wapi?

Redio: Ukikosa nyama atawageukia watoto, lakini hapo kosa si la mbwa.

Vipimo: Usimsikilize huyu. Chukua aliyezaliwa wa mwisho. Huyo kazoea kunyang'anywa, hata mtoto akimpokonya mfupa anaona kawaida.

Redio: Wa mwisho ana kinyongo, muulize mdogo wangu. Mimi nakwambia tafuta mbwa aliyelelewa na paka. Hajui kama ana meno. Mjomba wangu alikuwa naye. Mwizi akiingia, mbwa anapanda juu ya kabati.

Vipimo: Huyo ni wa familia au wa sarakasi?

Redio: Wa familia. Hata mwizi alimpenda.

Kinyozi alicheka mpaka akamwaga kahawa. Fundi Bomba naye alitabasamu, akajikohoza.

Fundi Bomba: Kinyozi.

Kinyozi: Naam, kaka.

Fundi Bomba: Wanao... wana umri gani sasa?

Kinyozi: Mkubwa kaanza shule mwaka huu. Mdogo bado yupo yupo.

Fundi Bomba: Ahaa. Vizuri.

Akaishia hapo. Akawa anaizungusha ile kamba kwenye kiganja, anaifungua, anaizungusha tena. Redio hapendi kimya, kinamtisha, akakimbilia kukijaza.

Redio: Cha msingi awe mpole, bwana. Mtoto amvute mkia, atulie. Amvalishe kofia, akae nayo. Amlalie tumboni akisoma daftari la shule, yeye...

Akakatika. Sote tulikuwa tumeiona picha hiyo, jioni baada ya jioni, barazani kwa Fundi Bomba: mtoto kalala chali juu ya tumbo la mbwa, daftari kalishika juu, anasoma kwa sauti. Vipimo alibaki na mikono hewani, anapima kitu kisichokuwepo. Mimi nilifuta kikombe kilichokuwa kisafi.

Ndipo akaja mpangaji mpya wa nyumba ya nyuma, ambaye alikuwa hata vyombo hajamaliza kufungua. Aliomba kahawa. Soksi alimnusa kiatu, akakilalia kidevu. Yule bwana akainama, akamkuna.

Mpangaji: Nimewasikia tangu kule dukani. Mnahangaika na masikio na vimo, kwani huyu ana kasoro gani? Ni wa nani?

Fundi Bomba: Wa binti yangu.

Mpangaji: Basi si umuulize binti yako kama atakubali kumtoa?

Redio alitazama ndani ya kikombe chake. Kinyozi alitazama barabara. Mpangaji alitupitia nyuso mmoja mmoja, akajua amekanyaga pabaya, lakini hakuna aliyemwambia ni wapi. Nilitaka mimi nimjibu, kwa kuwa ndimi mkubwa pale, nikaishia kummiminia kahawa yake.

Fundi Bomba: Angekataa.

Alilisema neno hilo taratibu.

Fundi Bomba: Angejifungia chumbani na mbwa wake, mama yake ampitishie chakula dirishani. Baadaye angetoka aniulize, baba, huko kuna watoto?

Kinyozi: Wapo, kaka. Wawili.

Fundi Bomba: Wanapiga wanyama?

Kinyozi: Hawapigi.

Fundi Bomba: Basi angekubali.

Mpangaji: Nisamehe, ndugu yangu. Sikujua.

Fundi Bomba: Usiombe samahani. Tangu tumzike, wewe ndiye wa kwanza kumuulizia hapa. Hawa nakaa nao kila jioni, nasubiri hata mmoja amtaje. Nilishaanza kuona labda mmemsahau.

Redio: Hatujamsahau. Alikuwa ananiita babu, na mimi hata mvi sina.

Fundi Bomba: Alisema unaongea kama babu.

Redio alicheka, kisha akafuta macho kwa kiwiko. Mimi nililia wazi, sikujificha. Tulimwacha mwenzetu peke yake na mtoto wake, na kila jioni tulirudi nyumbani tukijiona watu wema.

Fundi Bomba alimfunga Soksi kamba shingoni, akamkabidhi Kinyozi ncha.

Fundi Bomba: Chakula kisiwe cha moto. Akikosa usingizi, mkune nyuma ya sikio.

Kinyozi alisimama. Soksi alimtazama yeye, akamtazama Fundi Bomba. Niliona ataketi chini na kukataa, na nadhani Fundi Bomba naye alingoja hivyo, maana aliweka mkono tayari juu ya goti kumpokea. Lakini kule nyuma ya banda watoto wa Kinyozi walikuwa wakichezea maji, wanapiga kelele. Soksi aliwasikia. Mkia ukaanza, miguu ikafuata, akamburuta Kinyozi mpaka kwenye kona. Hakugeuka.

Fundi Bomba aliuondoa ule mkono gotini.

Fundi Bomba: Nilidhani atagoma kidogo.