Risala ya Wakulima wa Mwani wa Mkwiro Kuhusu Maboya Yaliyolala Stoo

Mgeni rasmi, Mheshimiwa, pamoja na ujumbe wako wote: shikamooni, na assalaam aleikum.

UKARIBISHO

Tuanze na jambo dogo. Mwenzetu Mwanasiti Makame, anayekusomea risala hii, aliingia baharini asubuhi moja ya Januari kufunga mwani, akahisi maji miguuni ni vuguvugu, kama yaliyotiwa beseni kumwogeshea mtoto mchanga. Akaendelea kufunga. Baada ya juma moja mwani ulianza kuwa mweupe nchani, ukalainika, ukakatika kambani wenyewe.

Karibu sana Mkwiro. Tumefurahi kuona umekuja na boti saba, na kwamba mashine zake zimeachwa zikinguruma gatini zisipate taabu ya kuwashwa tena. Kijiji chetu hakina gari hata moja, hivyo watoto wamepata nafasi ya kunusa moshi ambao wamekuwa wakiusoma vitabuni tu.

HISTORIA

Tulianza akina mama kumi na wanane. Tunachomeka vigingi mchangani, tunafunga kamba, tunaning'iniza mwani. Maji yakitoka tunaufuata kwa miguu, tunavuna. Kazi hii imesomesha watoto na kuezeka nyumba.

MAFANIKIO

Tumepata elimu. Mwaka juzi tulialikwa semina ya siku mbili huko Diani, katika hoteli yenye baridi kali hata tukajifunika leso mbili mbili huku tukifundishwa habari za joto. Mwalimu, Bwana Mwangangi, alitueleza vizuri: moshi wa viwanda, magari na ndege hutanda angani kama blanketi, joto likakosa pa kutokea. Bahari hulimeza, matumbawe hufa, samaki huhama, na mvua huja siku isiyoitwa. Kisha akauliza ni nani hupikia makaa. Tukainua mikono sote.

"Basi mama zangu," akasema kwa upole, "kila mmoja apunguze."

Mwenzetu Hafsa akamuuliza, "Tupunguze nini, mwanangu? Jiko ni moja, na sufuria ni moja."

Jenereta iliyokuwa ikinguruma nyuma ya ukumbi haikuulizwa kitu. Vyeti tulipewa, na tumevitundika.

CHANGAMOTO

Mwani hauishi tena kwenye maji ya magotini. Ofisi yako ilitambua hilo, ikatuletea kamba ndefu na maboya mia mbili ili tukalime maji marefu, ambako bado kuna ubaridi. Siku ya makabidhiano ulituuliza kama maji tunayajua. Tulicheka sana. Twaiba, mwenyekiti wetu, akajibu, "Mheshimiwa, sisi tumezaliwa ndani yake." Ukacheka nawe, picha zikapigwa.

Maboya hayo yamelala stoo misimu miwili. Leo umekuja kuyachukua yapewe kikundi kisicho na uvivu. Neno hilo limo katika barua tuliyoletewa, limepigiwa mstari. Yakiondoka, hatuna pengine pa kupanda, na kikundi kitakuwa kimekwisha.

Si kweli kwamba hatukujaribu. Tulijaribu mara moja. Mwenzetu Chiku alishuka kutoka mashuani akiwa ameshika kamba, akaenda chini kama kigingi. Twaiba alimrushia leso, tukamvuta, akatapika maji ya chumvi mpaka tukalia. Tuliporudi, wanaume walipouliza, tulisema amezidiwa na jua. Siku hizi jua lina makosa mengi, na hili nalo halikulikana.

MAOMBI

Jana kamati ilikaa. Twaiba alimwagiza Mwanasiti aandike kwamba tumekwamishwa na "changamoto za kiufundi", aishie hapo, aombe tu muda zaidi. Aliandika hivyo, na kamati ikapitisha. Maneno yanayofuata hayamo katika nakala iliyopitishwa. Twaiba anamtazama sasa hivi, na atayasikia pamoja nawe.

Mheshimiwa, msichana wa hapa akivunja ungo huitwa atoke majini, asionekane nguo zikiwa zimemshika mwili. Kaka zake hubaki wakiogelea. Mwanasiti aliitwa akiwa darasa la sita, mwaka uleule alioacha shule, na tangu hapo bahari yake huishia magotini. Ndivyo ilivyo kwa wote unaowaona wameketi mbele yako.

Hatujui kuogelea. Hata mmoja wetu.

Tuliona haya kukwambia, watu wa kisiwani, mbele ya kamera. Usiyachukue maboya. Tuletee mwalimu wa kuogelea, awe mwanamke, atufundishe upande wa nyuma ya kisiwa ambako hakuna wa kututazama. Na majaketi ya kuokolea, kumi na manane.

Mwenyezi Mungu akuvushe salama hadi Shimoni. Tumeona wewe na wenzako mmeyavaa majaketi hayo kwa safari fupi ile, na hakuna aliyewaita wavivu.

Ni sisi,
Kikundi cha Akina Mama Wakulima wa Mwani Tusichoke,
Mkwiro.