Fundi Zaidi Hajachoka

Fundi Zaidi bin Salehe anaondoka leo, tarehe 30 Juni 1954, baada ya miaka thelathini na mmoja katika karakana yetu ya bunduki hapa Moshi. Mimi karani nimeambiwa niandike, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, kwamba amechoka. Nimejaribu kwa lugha zote mbili, nimeshindwa. Hajachoka.

Alianza kwa kupiga msasa, akaishia kuwa mkuu wa mafundi. Mteja akichungulia ndani ya mtutu, Fundi humuaga kabisa: "Buriani mwanangu, utusalimie waliotangulia!" Mteja huruka, sisi hucheka, na hachungulii tena.

Bunduki aliyoipenda kuliko zote ni ya Mama Mektrida, mjane wa Kibosho, anayelinda nayo mahindi yake ya tambarare nguruwe pori wasiyamalize. Ina mitutu miwili, mmoja juu ya mwingine, lakini mtambo wa kufyatulia ni mmoja tu. Ukishapiga wa juu, unabonyeza kibanio na kuizungusha mitutu kwa mkono. Wa chini unapanda kushika zamu. "Wake wenza na jiko moja," husema Ally, fundi mwenzetu.

Mwezi uliopita mama aliileta isafishwe tu. Bwana mkubwa wa karakana akaona mtambo ule utafaa bunduki mbovu ya mlowezi mmoja, ya aina ile ile. Akaagiza ung'olewe, mama aambiwe yake imekufa.

Fundi akaweka bisibisi chini. "Bwana, bunduki hii ni nzima. Mimi niliajiriwa kutengeneza. Wa kumwibia mjane mtafute kwingine."

Akaagizwa Ally; macho yakamuuma ghafla. Akaagizwa Ebenezeri, mdogo wa mafundi; akasema, "Mkubwa wangu amekataa, mimi ni nani?" Nami, ninayeona haya hata kuomba chumvi mezani, nikatoka hadi ngazini, mama alikokuwa akingoja. "Shikamoo mama. Bunduki yako iko tayari."

Fundi akamkabidhi mbele ya bwana mkubwa. Mama akaizungusha mitutu, ka! ka!, akatabasamu. "Aika, baba," akashukuru kwa Kichaga. Akarudi nayo mlimani, nzima.

Kesho yake ndipo tukatangaziwa kwamba Fundi amechoka.

Basi asiyejua na ajue. Wiki ijayo atakuwa barazani kwake Njoro, akitengeneza cherehani na baiskeli, na wateja wameshaanza kuulizia njia.

Fundi wetu, asante kwa kutufundisha chuma, na asante zaidi kwa kutufundisha kukataa. Mungu akupe uzee wa heri, na shingo yako isilainike kamwe.