Mwenye Lori Alipofilisika

Ndugu zangu, mama zangu, niruhusuni nizungumze nikiwa nimekaa. Huu mguu ulivunjwa, na leo nataka mjue ulivunjwaje.

Nilikuwa nafulia wazungu nguo hapa mjini. Siku moja nikirudi kwa miguu kutoka Ziwa, kijiji anakokaa dada yangu, lori la mahindi likaacha barabara likanipata kwa majani ya kando nilikokuwa nimejitoa kulipisha. Aliyeliendesha ni mwenye lori mwenyewe, setla, mzungu mwenye shamba. Jina sitalitaja ndani ya kanisa.

Nililala hospitali miezi minne. Mfupa ukaunga vibaya, na deni la hospitali likaandikwa kwa jina langu. Lori halikuwa na bima. Nikashtaki, korti ikasema nimeshinda, anilipe. Nawaambia, nilirudi nyumbani nikiimba!

Halafu karani mmoja wa korti akaja kwangu. “Mama, yule bwana ametangaza amefilisika. Benki inamdai, duka la mbegu linamdai. Wewe uko nyuma yao.”

“Benki nayo iligongwa?” nikamwuliza.

Hakucheka. “Wanaomdai wanakutana wiki ijayo. Nenda mwenyewe. Usipoandikwa pale, itakuwa kama hukugongwa.”

Nilienda. Chumba kizima suti na kofia. Msimamizi wa hayo madeni akaniona mlangoni akauliza, “Huyu ametumwa na nani?”

Ndugu zangu, niliingia mpaka katikati. Nikasema, “Sikutumwa. Mimi pia namdai.” Nikainua rinda mpaka hapa, nikawaonyesha mfupa. Mwenye lori akageukia dirisha. Msimamizi akachukua kalamu, akaniandika wa mwisho.

Nilingoja zaidi ya mwaka. Kilichokuja kililipa hospitali, kikabaki cha kununua pasi ya makaa, maana kusimama kwa karai siwezi tena, na pasi napiga nikikaa. Kwa mguu wenyewe, hakuna. Na yule aliyefilisika nilimwona akipita na gari jipya. Wanasema ni la mke wake.

Mchungaji ananiambia nisamehe. Najaribu, Mchungaji. Siwezi kudanganya hapa mbele: bado.

Lakini akina mama walionibebea uji miezi minne, na wewe karani uliyekaa pale nyuma, Mungu awalipe, maana mimi sitaweza. Na mwingine wenu akiumizwa, asikae nyumbani akingoja kuitwa. Aende. Wakimwandika wa mwisho, akubali wa mwisho, bora jina lake liwe kwa hiyo karatasi.