Kazi ya Shu Peiyun Haikuwa ya Kawaida

Shu Peiyun alizaliwa tarehe 9 Machi 1938 mjini Shaoxing, mtoto wa tatu wa Mzee Shu Bingquan, mtengenezaji wa mvinyo wa mchele, na mkewe Tao Yueying.

Alisoma Shaoxing, kisha chuoni Shenyang, akahitimu elimu ya metali mwaka 1961. Kaka yake Deren, aliyebaki kuchochea moto wa mvinyo wa baba yao, alijisomea vitabu alivyoletewa na Peiyun kila likizo.

Mwaka 1962 alipelekwa jangwani Gansu, kwenye taasisi isiyo na jina ila namba ya sanduku la posta. Huko yeye na wenzake watatu walibuni mchanganyiko wa metali uliostahimili moto mkali bila kupasuka. Ripoti hazikuandikwa jina la mtu. Ziliandikwa "Kundi la Tatu". Jaribio likifaulu, kundi zima lilikula tambi sufuria moja, na hakuna aliyeuliza nani ametangulia kuchota. Siku hizi watu kumi hupigana vikumbo nani aanze kutajwa kwenye makala moja.

Tarehe 1 Oktoba 1966 aliolewa na Geng Shouyi, dereva wa lori. Miaka mingi Geng hakujua mkewe anafanya nini. Akiuliza, alijibiwa, "Napika chuma. Wewe kula, unyamaze."

Mwaka 1987 aliomba uprofesa hapo taasisini. Mwenyekiti wa kamati akamwuliza, "Dada Shu, makala zako ziko wapi?"

"Kabatini mwenu. Ufunguo mnao nyinyi."

Wakacheka, wakamnyima. Siri ya kazi ile ilipofunguliwa mwaka 2003, wakamtaka aandike kwamba alibuni peke yake, wampe cheo. Akakataa. "Tulikuwa wanne. Niwakanyage wafu ili niitwe profesa?" Akastaafu mhandisi, akabaki mhandisi.

Mapafu yalianza kumsumbua mwaka 2015, kwa vumbi la tanuri. Alifariki Lanzhou asubuhi ya tarehe 22 Novemba 2018, mkono wake mkononi mwa binti yake.

Kwa desturi, taasisi ndiyo humwandikia mtumishi wake wasifu. Waliouleta juzi ulisema marehemu "alishiriki kazi za kawaida za maabara". Familia ikaurudisha, ikaandika wake.

"Mzee wangu, ndivyo tunavyowaandikia wote," akasema karani wao.

"Basi kawasomee hao wote. Huyu ni dada yangu," akajibu Deren.

"Tusipoupitisha wa kwenu?"

"Zimeni kipaza sauti. Koo ninalo."

Hawajaupitisha. Ndio huu mnaousikia.

Basi na ijulikane: metali ile waliibuni Lian Guozhong, Mi Shuzhen, Ouyang Ke na Shu Peiyun. Mwenye kupinga na asimame sasa, hapa mbele ya mwili wake.

Ameacha mume, Geng Shouyi. Binti, Geng Ruolan. Mjukuu, He Xiaotang. Na kaka, Shu Deren.

Aliitunzia taasisi siri yake miaka arobaini na moja. Sasa apumzike kwa amani. Kusema ni kazi yetu.