Risasi Zilizong'aa

Sogezeni viti, wanangu, na wewe Verlyn toka hapo dirishani, theluji haikimbii, utaikuta nikishamaliza. Daktari amesema nisiongee sana. Yeye ana miaka ya kuongea, mimi nina asubuhi hii, basi nyamazeni nyinyi.

Shamba ni la wote wawili, Lorna na Verlyn, wala lisikatwe, kwa kuwa nusu moja ina kisima na nusu nyingine ina nyasi, na ng'ombe hali maji wala hanywi nyasi. Uzio wa upande wa jirani yetu Odegaard ubaki pale pale alipousimamisha baba yenu. Odegaard akija mazishini na bakuli lake la viazi, kuleni viazi, uzio asiuguse. Nyumba ni ya Lorna, kwa sababu ndiye aliyenibadilishia mashuka. Hayo ni mepesi. Sasa sikilizeni lililonikaa kooni.

Mnaijua meza yangu kule chumba cha chini. Mimi na baba yenu Harlan hatukuwahi kununua risasi zilizokwisha jazwa. Tulinunua vichwa vya risasi vitupu, vya shaba, visivyopakwa kitu, vinang'aa kama pete ya bibi harusi, tukaviosha, tukavikausha, tukavitia kwenye kile kipipa cha umeme pamoja na gololi na ule unga mweusi mkavu wa kutelezesha, si baruti, vikazunguka humo hadi vikatoka vyeusi, vinateleza kama mbegu za tikiti. Hapo mtutu hauchafuki upesi, maana ukitoka kuwapiga wale panya wa malishoni, ambao mashimo yao huvunja ng'ombe miguu, unapiga kutwa nzima. Unga ule hautoki kuchani. Mke wa mchungaji aliniuliza kwenye kahawa ya kanisani, "Ardis, umetoka kuchimba kaburi?" Nikamjibu, "Bado, nachukua vipimo vyako kwanza."

Na kila aliyekulia nyumba hii aliambiwa jambo moja kabla hajaruhusiwa kuigusa meza: kichwa cheusi huteleza, kwa hiyo hubebeshwa baruti zaidi kidogo, na baruti hiyo usiitie kamwe nyuma ya kichwa kitupu, kwani kitupu huburura mtutuni, na moto ukikosa njia ya mbele humrudia aliyeshika bunduki. Verlyn aliambiwa hajaota ndevu. Aliitikia.

Kiangazi cha mwaka juzi Karna, mjukuu wangu huyu, binti wa Lorna, alikuwa ashindane shabaha ya kaunti, nami nimelazwa hospitali kwa nyonga. Mjomba wake akajitolea kumjazia risasi, tukiwa wawili tu wodini. Kipimo cha baruti alikikuta nilivyokiacha, kimewekwa kwa vyeusi. Lakini kipipa kinataka subira, unga unachafua mikono, na Verlyn alikuwa na karamu mjini, amekwisha kuvaa shati jeupe. Akachukua vichwa vitupu, vinameremeta kama vilivyotoka dukani, akavipachika, akaenda zake. Kesho yake komeo la bunduki lilipasuka, likamchukua Karna jicho la kushoto.

Kosa ningelisamehe. Mkono wa mtu hukosea. Lakini Verlyn alisimama pale hospitalini, damu ya mtoto wa dada yake haijakauka, akasema, "Mama alizijaza kabla hajalazwa. Akili imeanza kumtoka, nilijua haya yatatokea." Na nyinyi nyote mkamwamini. Mkaitia meza yangu kufuli, mkanificha funguo za gari, mkaanza kunisemesha pole pole kama mnafundisha kasuku. Nilipobisha mkatazamana. Kikongwe akikana kwamba kasahau, hiyo ndiyo huwa dalili ya kusahau. Na Karna, niliyemfundisha mimi mwenyewe kutoa pumzi kabla ya kufyatua, huja hapa Krismasi, hubusu hewa karibu na shavu langu, huketi kwenye kiti cha mlangoni.

Lorna, tia mkono chini ya mto. Hilo kopo. Begi la Karna lilikuwa limetundikwa ghalani tangu siku ile, hakuna aliyetaka hata kuliona. Wiki jana nilimwomba Odegaard aniletee, ndiyo, Odegaard, kwa kuwa nyinyi mngeniambia nipumzike. Kopo hilo limetoka humo begini, na ndimo zilimo risasi zilizobaki. Mpe Karna.

Zitazame ncha zake, mjukuu wangu. Zinang'aa. Umepata kuona risasi yangu iliyong'aa? Pitisha kidole, kisha ukitazame. Kisafi, sivyo? Mficha maradhi kilio humfichua.

Usinishike mkono, Verlyn, wala usiniambie, "Mama, unajichosha bure." Nimechoka, si bure.

Bunduki ya babu ni yako, Karna, imetiwa komeo jipya. Meza ni yako, na kipipa pia. Walikwambia hutalenga tena. Jicho la kulengea ni la kulia, na la kulia unalo. Yeyote atakayeuza hata gololi moja ya kipipa kile bila ruhusa ya mtoto huyu, asikanyage kaburi langu.

Nizikeni kando ya Harlan, upande wa kusini, kwa kuwa alikuwa akikoroma upande ule mwingine. Mchungaji asihubiri kirefu hadi kahawa ikapoa.

Maji kidogo, Lorna. Basi, yanatosha.

Lorna, Mungu akulaze salama kila usiku, kama ulivyonilaza mimi. Karna, Mungu auimarishe mkono wako, akuondolee ile hofu waliyoipa jina langu. Verlyn... mama hamlaani aliyemzaa, nami sikulaani. Baraka yako ipo, iko hapa ulimini, lakini haitoki mpaka umwambie mtoto huyu, kwa kinywa chako, nani alizijaza.

Niinueni kidogo. Hapo. Siwaoni vizuri tena... masikio bado yapo.

Haya, mwanangu. Sema, ningali nasikia.